Fundi Lifti na Dozi ya Kumi Aliyojisainia

Jengo lina ghorofa nane, na asubuhi hii wapangaji wote wanashuka kwa miguu kwa sababu ya mtu mmoja.

Mtu huyo yuko juu ya paa, ndani ya chumba cha mashine kisicho na dirisha, amevaa ovaroli ya kijivu na barakoa iliyomfunika mpaka chini ya macho. Saa moja kasorobo amezima swichi kubwa, na tangu hapo simu ya mlinzi wa getini haijapumzika.

Mama mmoja wa ghorofa ya saba, mwenye mikoba miwili na hasira za kutosha watu wanne, badala ya kushuka amepanda mpaka juu kuja kumsema.

"Fundi, lifti imeharibika lini? Jana jioni nimepanda nayo, nzima kabisa!"

"Haijaharibika, mama."

"Haijaharibika! Sasa umeizima ya nini?"

"Naizima ikiwa nzima ili isije ikakufungia wewe humo ndani na mikoba yako."

Mama anamtazama, anatazama mashine, anatazama mikoba. "Nusu saa?"

"Saa moja na nusu."

"Umeniua," anasema, na kuanza safari ya ngazi mia moja na kitu.

Fundi haudhiki. Anachukua kitambaa cha pamba, anakizungushia kwenye kamba moja ya chuma inayobeba lifti, kisha anakivuta taratibu. Haitazami kamba. Anatazama ukuta.

"Macho yanadanganya," anasema kupitia barakoa. "Kamba inang'aa kwa grisi, unaiona nzuri. Lakini uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, kitambaa kinanasa. Unausikia mkononi."

Hakijanasa. Anahamia kamba ya pili. Ziko tano.

Wenzake wanamwita Kitufe. Jina hilo alipewa akiwa mwanagenzi, siku aliyobonyeza vitufe vyote kumi na vinne vya lifti moja ili aone kama vinawaka, akiwa hajui kwamba aliyesimama nyuma yake humo ndani ni mwenye jengo anayewahi mkutano. Lifti ikasimama kila ghorofa, ikafungua mlango, ikafunga. Kazi ilibaki kwa huruma. Jina lilibaki kwa haki.

Leo ana miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye mashimo ya lifti na juu ya mapaa.

"Kazi yangu ni kushughulikia kitu kizima," anasema. "Watu hawaielewi. Wanataka umeme na mafuta yaende kwenye kilichokufa." Anakunja kitambaa upande usio na grisi. "Na mimi iliponifikia mwilini mwangu, sikuielewa."

Ilianza karibu miaka miwili na nusu iliyopita, kwa kivimbe kidogo chini ya taya, ukubwa wa haragwe. Kitufe alilaumu jino. Akaenda kung'oa.

"Jino likatoka. Lilikuwa zima, halina kosa lolote. Kivimbe kikabaki pale pale."

Kikaja kingine kwapani. Kisha akaanza kulowa jasho usingizini mpaka mke wake anabadilisha shuka. Mkanda wa suruali ukaongezwa tundu, likaongezwa lingine. Mke wake hushona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na ni mtu ambaye akikutazama unavuka barabara anajua urefu wa mkono wako. Yeye ndiye aliyesema basi, twende hospitali kubwa.

Walichoambiwa ni saratani ya tezi za limfu, tena ya aina adimu. Daktari wao ni mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Katika miaka kumi na sita ya kazi, aliwaambia, alikuwa amewaona wagonjwa kumi na mmoja wa aina hiyo. Kitufe akawa wa kumi na mbili.

"Nikamwambia, daktari, mimi sijawahi kushinda hata bahati nasibu ya shule. Hakucheka. Mke wangu ndiye aliyecheka, halafu akalia."

Miezi sita ya dawa kali ikafuata. Nywele zikaondoka, nyusi zikafuata. Kazini aliaga kwamba anafanyiwa matibabu ya mgongo, maradhi yenye heshima kwa fundi, na akachukua likizo bila malipo. Nyumba ikaendeshwa na cherehani. Mke wake anakumbuka kushona kola za mashati mia tatu na arobaini katika muhula mmoja, huku mgonjwa amelala kwenye mkeka nyuma yake kwa sababu alisema mlio wa cherehani unamtuliza.

Baada ya dozi ya sita wakapiga picha za mwili mzima. Hapakuonekana kitu.

"Nimepona?" Kitufe aliuliza.

"Hatuuoni," daktari akajibu.

"Kwa hiyo nimepona."

"Nimesema hatuuoni."

Kisha akawaeleza. Ugonjwa wa aina hii hukubali kuondoka, lakini una tabia ya kurudi, na ukirudi huwa mgumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo angepewa dawa nyingine, ya kulinda, kila baada ya miezi miwili kwa miaka mitatu. Dozi kumi na nane. Kazi yake si kuondoa kinachoonekana, bali kukizuia kile kisichoonekana kisiinuke. Haina ahadi. Inachelewesha, na kwa wengine inachelewesha kwa miaka mingi.

Ina bei yake pia: inapunguza kinga. Ndiyo maana ya barakoa. Mafua ya mtu mwingine kwake yanaweza kuwa kitanda cha hospitali.

Siku ya dozi haina fujo. Anapimwa uzito na presha, anameza vidonge viwili vinavyomlegeza, kisha anakaa kwenye kiti kirefu, dripu inadondoka kwa karibu saa tatu. Muuguzi anayemhudumia ni yule yule tangu mwanzo, ambaye huvaa viatu vya mpira vinavyolia kama bata na anajua hivyo. Akimaliza anajaza kadi ya kijani: namba ya dozi, uzito, presha, saini.

Kadi inarudi nyumbani, inakaguliwa na mke.

"Alikuwa anaipokea kama mama anayepokea ripoti ya shule," anasema Kitufe. "Anaisoma yote. Halafu anaenda ukutani, anachora mstari kwa chaki yake ya cherehani."

Mistari ikafika tisa.

Kazini hakuna aliyejua. Zile siku za kliniki alisema ni presha. Hakuona namna nyingine. Mafundi wa lifti hufanya kazi wawili wawili, mmoja chini ya shimo na mwingine juu, na uhai wa wa chini uko mikononi mwa wa juu. Ukishukiwa unyonge, hakuna anayetaka kushuka nawe. Kulikuwa na fundi mzee aliyewaambia wenzake ana kisukari. Wakampeleka stoo kwa nia njema kabisa, akahesabu bolti mpaka akastaafu.

"Mimi nikikaa stoo nakufa kabla ya ugonjwa," anasema.

Dozi ya kumi iliangukia siku ya Alhamisi. Jumatano jioni msimamizi wao aliingia karakana na karatasi mkononi.

"Kesho wakaguzi wanakuja kwenye lile jengo jipya. Tunazipakia lifti zote mbili mzigo kamili. Kitufe, unaongoza."

"Mkuu, kesho nina kliniki. Ile ya presha."

"Presha si inasubiri? Meza kidonge, wahi saa kumi na mbili."

Na hapo ndipo uongo wake mwenyewe ulipomfungia mlango. Angesema ukweli, msimamizi angemruhusu, na anajua hivyo. Lakini presha, kweli, inaweza kusubiri.

"Tena nilikuwa fiti," anasema. "Wiki ile nilipanda ghorofa kumi na mbili kwa miguu na begi la spana, sihemi. Unamwambiaje mtu wa hivyo kwamba ana kitu?"

Alhamisi, saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, Kitufe alibaki kwenye chumba cha mashine cha jengo jipya. Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Akatoa kadi ya kijani mfukoni.

Mafundi wa lifti wana jina la kitendo alichokifanya. Wanakiita sevisi ya kalamu. Ndani ya kila chumba cha mashine hutundikwa kadi, na kila mwezi fundi anatakiwa kuandika alichokikagua: unene wa breki, hali ya kamba, saini. Siku ambayo muda umekwisha na jua linazama, wapo wanaosoma vipimo vya mwezi uliopita, wakavinakili vilevile kwenye mstari mpya, wakasaini, wakashuka. Mashine haikufunguliwa. Kila fundi anakanusha kuwahi kufanya hivyo. Kila fundi anajua jinsi inavyofanywa.

Kitufe alitazama mstari wa dozi ya tisa. Akaandika kumi. Uzito, akanakili. Presha, akanakili. Kisha akaiga saini ya muuguzi, na ule mkia wake mrefu mwishoni.

"Mkono haukutetemeka hata kidogo," anasema. "Nikikumbuka kitu kimoja katika yote, ni hicho. Mkono ulishazoea."

Jioni mke wake akasoma kadi. "Ya kumi, Baba Watoto! Zimebaki nane." Akaenda ukutani na chaki yake.

Alikusudia kwenda wiki inayofuata, aifunike aibu kimyakimya. Wiki inayofuata lifti ya jengo la ofisi ikakwama na watu sita. Wiki iliyofuata, msimamizi akaongeza saa za kazi. Muuguzi akapiga simu.

"Nikamwambia niko safarini. Nilikuwa chini ya shimo, mtandao unakatika katika. Akaniamini."

Wiki saba zikapita. Katikati yake kikaja kikohozi kikavu ambacho hakikutaka kuondoka, na Kitufe akakiita vumbi.

Aliyemkamata hakuwa daktari. Ilikuwa Jumapili mchana, na mke wake alikuwa akitengeneza suruali yake ya kazi iliyoachia mshono. Akamwita ajaribu.

"Simama sawasawa."

"Nimesimama."

"Usivute tumbo."

"Sijavuta, mama. Ndilo lilivyo."

Mke akapitisha futi kiunoni. Akapitisha tena. Suruali hiyo alikuwa ameikata yeye, kwa kiuno hicho hicho, mwanzoni mwa mwaka. Sasa ilikuwa imezidi inchi mbili.

Akaenda chumbani, akarudi na kadi ya kijani, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Dozi ya tisa, kilo sabini na moja nukta nne," akasoma. "Dozi ya kumi, kilo sabini na moja nukta nne."

"Eeh."

"Miezi miwili, hata gramu haikupanda wala kushuka. Mzani wa hospitali umekwama?"

Kitufe akacheka peke yake.

"Mume wangu," akasema yule mke.

"Siku zote mimi ni Baba Watoto," anaeleza Kitufe. "Akiniita mume wangu, najua nimekwisha."

"Mume wangu, hii saini ni ya nani?"

Akamweleza yote, amesimama katikati ya chumba na suruali imeshikwa kwa mkono isidondoke. Jengo jipya, wakaguzi, presha ya uongo, sanduku la vifaa. Mke alimsikiliza huku akikunja futi polepole mpaka ikawa duara dogo.

"Mimi umenidanganya, sawa," akasema mwishoni. "Nitakasirika, halafu nitapoa. Huo ugonjwa je? Nao umeusomea kadi, ukaamini?"

Cherehani haikulia tena siku ile. Kitufe anasema nyumba haikuwahi kuwa kimya hivyo hata alipokuwa hoi mkekani.

Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa hospitali, wawili, hawasemeshani. Muuguzi alipokea kadi, akaitazama, akaitazama tena.

"Hii si yangu."

"Si yako, sista," Kitufe akasema.

"Mkia wangu haupindi hivi." Hakucheka. Akamwonyesha mzani kwa kidole. "Panda."

Kilo sitini na saba.

Daktari alimpapasa shingo, kisha makwapa. Kwenye kwapa la kushoto vidole vyake vilisimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikasimama palepale.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

Kitufe anasema angetoa chochote pawe panauma, maana kivimbe cha kwanza nacho hakikuuma.

Daktari hakumgombeza. Aliandika vipimo vya damu, picha ya mwili, na baadaye, tezi ile ikatwe kipande kidogo kikaangaliwe. Dozi isingetolewa mpaka wajue kilichomo. Wangesubiri siku kumi na sita kwa jumla. Mlangoni, mke wake aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu jana.

"Daktari, kama umerudi, ni kwa sababu ya hii aliyoiruka?"

"Sitajua," daktari akasema. "Hata wewe hutajua. Hilo ndilo baya la kuruka."

Siku hizo kumi na sita hakuacha kwenda kazini. Mwenzake wa shimoni anaitwa Bisibisi, mtu mwembamba mwenye mdomo usio na breki, na ndiye aliyegundua kwamba Kitufe haongei.

"Una nini? Umedaiwa mahari upya?"

"Niache."

"Nikuache niende wapi, niko chini ya lifti unayoishikilia wewe!"

Kilichokuwa kikimsumbua zaidi ya tezi ni swali lingine la mke wake. Usiku wa siku ile ile ya kadi, taa zikiwa zimezimwa, alimuuliza: "Kwani umezoea?" Akageukia ukuta. Maana wiki ile ile ya dozi ya kumi, kwa haraka ya wale wakaguzi, kulikuwa na kadi nyingine aliyoisaini bila kufungua mashine. Maktaba ya ghorofa tano. Na wanaoipanda zaidi lifti ile ni wazee na wanafunzi wenye magongo. Mwezi uliofuata mtu mwingine alipangiwa, akapitia juu juu kwa sababu kadi ilionyesha mambo ni mazuri.

Siku yake ya mapumziko, huku majibu ya hospitali bado hayajatoka, Kitufe alibeba begi akaenda maktaba. Akazima lifti. Akatoa kitambaa.

Kamba ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, kitambaa kikanasa.

Akakishusha, akakipandisha upya. Kikanasa palepale. Kisha kidogo juu yake, kikanasa tena.

"Nyuzi mbili," anasema. "Kamba haikatiki kwa nyuzi mbili. Lakini nilikaa chini pale kwenye sakafu kama mtu aliyepigwa. Mkono uko kwenye kitambaa, moyo uko kwapani."

Akaacha lifti imezimwa. Akampigia msimamizi, siku ya mapumziko, kumwambia kamba ya maktaba ibadilishwe, na kwamba saini yake ya miezi miwili nyuma ilikuwa ya kalamu.

"Jumatatu," msimamizi akasema. "Mbele ya wote utatueleza."

Majibu yalitoka Jumatano. Waliingia wawili, safari hii wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo Kitufe anasema hawakuwa wamelifanya hadharani tangu harusi. Daktari alifungua bahasha akiwa amesimama.

Tezi ilikuwa imevimba kwa maambukizi. Kile kikohozi alichokiita vumbi kilikuwa kimeshuka kifuani, na kinga yake iliyochoka ilikuwa ikipigana nacho wiki kadhaa bila msaada. Kilo zilikuwa zimekwenda huko. Ugonjwa wenyewe, kwenye kile kipande, haukuonekana.

Mke alifunika uso kwa mikono miwili. Kitufe akaanza kusema kitu, daktari akamkata.

"Usiniambie kwamba kumbe haikuwa na neno. Hizi wiki tisa hukulindwa na chochote. Ulipita kwa bahati tu."

Wakamtibu kifua kwanza. Siku kumi baadaye akapanda tena kwenye kile kiti kirefu, dripu ikaanza kudondoka. Muuguzi alikata ule mstari wa uongo kwa rula, akaandika chini yake dozi ya kumi, kilo sitini na nane nukta mbili.

Lakini kabla ya dripu ilikuwapo ile Jumatatu.

Karakana yao ni chumba kirefu chenye mlango wa mabati ya kukunja. Mafundi sita walikaa juu ya ndoo za rangi. Msimamizi alisimama kando ya ubao wa zamu, mikono kifuani. Kitufe alizungumza akitazama sakafu. Alieleza kuhusu maktaba. Kisha akaeleza kwa nini, na kwa kuwa "kwa nini" moja ilikuwa imeshikana na nyingine, akajikuta anaeleza yote: jino zima lililong'olewa, mgongo ambao haukuwahi kuuma, presha ambayo hakuwa nayo, dozi tisa na ile moja.

Akamaliza. Bisibisi ndiye aliyeinua kichwa.

"Ngoja. Presha huna?"

"Sina."

"Mwaka mzima na nusu tunakula sahani moja, ninakula chakula kisicho na chumvi kwa ajili ya presha yako!"

Wawili wakacheka. Bisibisi mwenyewe alianza kucheka, halafu uso ukambadilika, akainuka akaenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo.

"Nilikuwa naning'inia chini yake," anasema Bisibisi leo. "Yeye anajua anaumwa nini, mimi sijui. Niliudhika. Halafu nikajiuliza, angeniambia, ningeshuka naye? Sikupenda jibu nililolipata."

Msimamizi aliomba utulivu.

"Onyo la maandishi utapata."

"Sawa, mkuu."

"Shimoni huendi peke yako, hata kwa dakika moja. Na penye vumbi la ukarabati huingii."

"Sawa."

Kisha Kitufe akauliza alichokuwa akikiogopa kwa miaka miwili. "Na stoo, mkuu?"

"Stoo nikupeleke ukafanye nini? Uninakilie hesabu za mwezi uliopita?"

Hapo walicheka wote, hata aliyesimama mlangoni. Msimamizi hakucheka. Alichukua kalamu nene, akageukia ubao wa zamu.

"Nitajie tarehe."

Kwanza ile ya kumi iliyokuwa inakuja, kisha zinazofuata kila miezi miwili: Juni, Agosti, Oktoba, Desemba. Kila tarehe msimamizi aliizungushia duara, na pembeni yake akaandika nani atashika nafasi ya Kitufe siku hiyo. Ubao ukaishia hapo. Ni ubao wa mwaka mmoja.

"Zimebaki ngapi?"

"Nne. Za mwakani."

"Tusubiri ubao mpya basi," fundi mmoja akasema. "Januari unaletwa."

Kitufe alitikisa kichwa. Hakuwa na sababu ya kuitoa mbele ya watu, anasema. Alitaka tu kuziona.

Msimamizi akasogea hatua moja kulia, nje ya fremu ya ubao, akaanza kuandika juu ya ukuta mtupu uliopakwa chokaa. Februari. Aprili. Juni. Agosti.

Maandishi hayo bado yapo. Kalamu ilikwaruza chokaa na herufi si nzuri. Kitufe hupita hapo kila asubuhi akichukua begi lake, na hana maneno mengi ya kusema juu ya kesho. Akiimaliza ya kumi na nane, daktari amemwambia, atakuwa anakwenda kukaguliwa tu. Mke wake amesharudisha kiuno cha suruali inchi moja, na anasubiri hiyo nyingine. Binti yao anamaliza sekondari mwaka huo huo. "Nataka niwepo, niwe mzee wa kuudhi," anasema. "Basi."

Tarehe ya mwisho imebanwa karibu na swichi ya taa, maana ukuta nao ulikuwa unaishia hapo. Agosti, dozi ya 18. Na mbele yake, kwa mwandiko mwingine uliokandamizwa kwa nguvu, mtu ameandika: Zamu ya Kitufe nashika mimi, Bisibisi.